Mikono Minne, Gombo Moja

Niliambiwa nafasi yangu ni kiti cha mbele. Chenye mto mgongoni, binti yangu akaongeza haraka, utadhani mto ndio niliokuwa nausubiri. Tulikuwa mezani kwao Plano, Jumapili, mimi nimetoka kanisani na kitenge changu bado sijavua, na kikao kilikuwa cha kupanga bat mitzva ya mjukuu wangu.

Nieleze kidogo. Binti yangu aliolewa na Myahudi wa Houston, na kabla ya ndoa akaingia dini ya mumewe. Mimi ni Mlutheri wa Moshi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilikuja Texas kulea mtoto mchanga kwa miezi michache tu, na mpaka leo nipo. Sasa kwao, mtoto wa kike akifika umri wa mjukuu wangu, anasimama kwenye sinagogi mbele ya watu wote, anasoma Torati kwa Kiebrania, na kuanzia siku hiyo anahesabika mtu mzima wa dini. Ni kama kipaimara chetu, ila mtoto anasomea kwa miaka, na baada ya ibada kuna ukumbi, muziki na kila jamaa wa pande zote mbili.

Mkwe wangu ni mtu mpole, anafanya kazi ya kompyuta kwenye mojawapo ya zile ofisi za vioo, na akieleza jambo hulieleza kwa utaratibu. Akasema kabla mtoto hajasoma, gombo la Torati linatolewa kwenye kabati lake takatifu, na linapitishwa mikononi mwa vizazi. Bibi na babu wanaanza, wanawapa baba na mama, nao wanampa mtoto. "Hapo ndipo watu huwa wanalia," akasema, na macho yake mwenyewe yalikuwa yamekwisha lowa.

Nikauliza, "Na mimi nasimama wapi?"

Binti yangu akaangalia sahani yake. Ndipo nikasikia habari za kiti na mto. Kwenye sinagogi lao, gombo hushikwa na Myahudi, basi. Mgeni anaheshimiwa, anakaribishwa, anakaa mbele, lakini gombo hashiki.

"Mgeni!" nikasema. "Huyu mtoto alipokuwa tumbo linamsokota, nani alitembea naye mgongoni nyumba nzima? Nani alimfundisha kula wali kwa mkono bila kumwaga? Mgeni ndiye mimi?"

"Mama, usi-take hivyo," binti yangu akaniambia. "Ni sheria yao. Ni sheria yetu."

Hapo akaingia mwenye sherehe, simu mkononi, akafungua friji. "Hi, Bibi." Huyo ndiye mjukuu wangu. Nimemdai shikamoo tangu ajue kusema. Nilimfundisha kila kitu chake: unainama kidogo, unaamkia, na ukishaamkia huondoki mpaka mkubwa akujibu. Alipokuwa mdogo aliisema vizuri, Watanzania wenzangu wa Irving, mji wa jirani, wakamfurahia. Alipoanza shule kubwa ikaisha, akaniambia kwa Kiingereza kwamba inamfanya aonekane mtoto. Nikamwita bi mdogo asiye na adabu, akacheka, yakaishia hapo. Siku ile akafunga friji, akatuangalia mmoja mmoja, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka, "Mimi nataka wote mpande kule mbele. Wote. Kama siyo wote, basi hivyo vizazi ni vya nani?" Akapanda zake ngazi na juisi.

Mimi nilikasirika wiki nzima. Tena sikukasirikia sheria, nilimkasirikia mtu. Nilimkasirikia Bibi wa Houston, mama yake mkwe wangu, ambaye ndiye angesimama pale peke yake na kulipokea gombo, eti bibi. Yeye humwona mtoto kwenye sikukuu, mimi humwona akiwa na mafua. Haki iko wapi jamani? Binti yangu aliona ninavyobamiza masufuria, akasema labda ingekuwa vizuri niende Houston nikae naye siku mbili, tukubaliane chakula cha sherehe. Nikamwambia sawa. Moyoni nilikuwa naenda kumwangalia vizuri huyo aliyenishinda.

Nikapanda basi asubuhi, mwendo wa saa nne na ushee kwenye barabara iliyonyooka, nimepakata hotipoti ya mtori. Mtori wa kwetu, ndizi na nyama ya ng'ombe vimepondwa mpaka vikalainika, niliupika usiku wa kuamkia safari. Huendi kwa mkwe mikono mitupu, hata kama umenuna.

Nyumba yake ni ile ya zamani, upande wa kusini-magharibi wa Houston, iliyoinuliwa juu ya nguzo baada ya maji kuingia. Mwenyewe ni mdogo wa mwili, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na sauti ya Texas inayovuta maneno. Akanikumbatia, akafunua hotipoti, akanusa, akafumba macho. "Ina nini ndani?" akauliza.

"Ndizi, nyama, na siagi," nikasema kwa majivuno. "Siagi nyingi. Bila siagi huo siyo mtori, ni uji wa wagonjwa."

Akaweka kijiko chini taratibu sana. Nami nikabaki nimeshika kifuniko, na hapo ndipo ikanijia. Mwee! Nyama na siagi kwenye sufuria moja, kwenye nyumba ya Myahudi! Sheria ile ya Musa ya kutompika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake nimewafundisha watoto wa Sunday school miaka na miaka, na siku zote nilidhani inahusu kuwahurumia mbuzi. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba kuna watu imewaingia mpaka jikoni, nyama na maziwa havikutani sufuria moja.

Nilitaka ardhi ipasuke. Yeye akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. Halafu akanipa sahani ya karatasi na kijiko cha plastiki, akanitoa nje kibarazani mimi na hotipoti yangu, akaja kukaa nami na mkate wake mkavu. "Wewe kula," akasema, "mimi nitanusa." Basi nikala mtori wa watu wanne peke yangu kwenye joto la Houston, na mwenyeji wangu ananusa.

Alipoinua kikombe chake cha chai ndipo nikaona mikono. Inatetemeka, siyo kwa baridi wala kwa njaa, ni ule ugonjwa wa kutetemeka. Chai ilimwagika kwenye sahani, akajifanya hajaona, nami nikajifanya sijaona.

"Kwa hiyo wewe ndiye utakayeshika gombo," nikasema. Nilitaka kulimaliza hilo.

"Nani kakwambia? Mimi nimepewa kiti cha mbele."

Nikamtazama. "Na mto?"

"Na mto," akasema. "Mwanangu anaogopa nitaliangusha."

Akanieleza, na safari hii hakucheka. Gombo ni zito, na kwao kuliangusha ni msiba. Desturi inasema likianguka, walioona wote wanafunga. Mwanawe alimwambia kwa upole sana, mama, tutakuwashia mshumaa kwenye ukumbi, utaheshimiwa hivyo. Akamkubalia kwenye simu, akaiweka chini, akapiga meza. "Mimi na marehemu mume wangu ndio tuliompa yeye gombo, akiwa na miguu myembamba na suti ya kuazima. Mume wangu hayupo. Nimebaki mimi tu wa kusema lilitoka wapi. Nikikaa kwenye kiti, mtoto atapokea kutoka kwa nani? Kutoka hewani?"

Hasira yangu yote ya wiki nzima ikageuka ikatazama upande mwingine. Watu hawa wawili, binti yangu na mumewe, wenye kisomo chao, wamepanga sherehe ya vizazi vyote na kizazi kimoja kizima wamekikalisha kwenye mito! Thubutu.

"Lina uzito gani?" nikamuuliza.

"Kama mtoto wa mwaka mmoja na kitu. Mnene."

Nikainuka nikaenda kwenye stoo yake ya jikoni. Alikuwa na mfuko wa mchele wa basmati, paundi ishirini, haujafunguliwa. Nikatoa kanga moja kwenye begi langu, nikauviringisha ule mfuko vizuri, nikaufunga fundo juu, nikarudi nao kibarazani nimeubeba begani. "Haya, mwenzangu," nikamwambia, "simama."

Makosa yake yalikuwa ya watu wengi, alibeba kwa viganja. Nimebeba watoto wangu, wa dada zangu na huyu wa Plano, najua. Mtoto habebwi kwa viganja. Anabebwa kwa kifua na viwiko, viganja vinafuata tu kwa nyuma kumpapasa. Nikamwonyesha. Akajaribu. Tukaingia ndani, akatembea hatua chache kwenye korido, mikono ikaanza, mfuko ukateleza, ukaanguka ukapasuka. Mchele ukaenda kila mahali, mpaka chini ya piano.

Akautazama mchele sakafuni. "Sasa ona," akasema. "Mwanangu ana haki." Akageuka aende chumbani kwake.

"Ana haki wapi!" nikamwambia. "Huo ni mchele. Mchele ukimwagika unapikwa."

Tukazoa, nikapika pilau ya kuku, kwa mafuta, siagi hata kuitazama sikuitazama. Alikula sahani mbili. Tulipomaliza nikajaza mfuko mwingine kwa mchele uliobaki na chumvi ya paketi, nikafunga kanga, na safari hii sikusimama mbele yake kufundisha. Nilisimama nyuma. Nikapitisha mikono yangu chini ya mikono yake, nikamkamata viwiko, nikamwegemeza mgongo wake kifuani kwangu. Yeye mdogo, mimi mpana, alienea vizuri. Mtetemo ulishuka kutoka kwenye vidole vyake mpaka kwenye viwiko, ukaingia mikononi mwangu, na hapo ukakwama. Mfuko ukatulia.

"Hebu twende," nikasema. Tukaenda korido yote, tukageuka sebuleni, tukarudi. Miguu minne inakanyagana kama ya watoto wanaocheza treni. Haukuanguka.

Nilikuwa nimeenda kwa siku mbili. Nikakaa mpaka binti yangu akapiga simu ana wasiwasi. "Mama, mmegombana?"

"Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini?"

"Ya uzee," nikamwambia, nikakata.

Tulifanya asubuhi kabla ya joto na jioni baada ya dawa zake, maana dawa ikikaa vizuri mtetemo unapungua. Hatua zetu tulizihesabu kwa Kiswahili, ndivyo nilivyozoea kuchezesha watoto gwaride, naye akayashika maneno upesi: moja, mbili, tatu, pumua. Tukipumzika aliniuliza mambo ya kwetu. Nilipomweleza shikamoo alipenda sana. Akauliza, na mkubwa anajibu nini? Nikamwambia, marahaba, basi, kazi yote ni ya mdogo. "Hiyo salamu imetungwa na bibi," akasema, na tangu hapo kila nikimpa kikombe cha chai ananijibu marahaba bila kuamkiwa.

Wiki ya sherehe nikarudi naye Plano kwenye gari la jirani yake, mfuko wetu wa mchele kiti cha nyuma, nimeufunga mkanda. Alhamisi kulikuwa na majaribio kwenye sinagogi. Rabi wao ni mwanamke wa makamo, miwani kichwani. Akapanga watu: baba hapa, mama hapa, mtoto hapa. Akauliza kwa adabu, "Na upande wa bibi na babu?" Mkwe wangu akaanza kueleza habari za ugonjwa, na mshumaa, na kiti.

Bibi wa Houston akasimama, nami nikasimama. Nikatoa mfuko chini ya kiti, kanga yake nyekundu na nyeusi, nikampa. Nikaenda nyuma yake.

"Mama, hicho nini?" mkwe wangu akauliza.

"Mchele," mama yake akamjibu. "Kaa kimya."

Tukapanda vile vijingazi, moja, mbili, tatu, pumua, tukafika mbele ya mwanawe, akanyoosha mikono tu kwa kushtuka, akawekewa paundi ishirini za basmati kifuani. Mjukuu wangu alishika mdomo kwa mikono miwili. Binti yangu alikuwa anacheka na kulia. Mimi nilikuwa namtazama rabi kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, maana neno lilikuwa lake.

Rabi akashusha miwani. Akamuuliza mwenzangu, "Nani ameshika?" Akajibu, "Mimi." Akanigeukia, "Na wewe umeshika nini?" Nikasema, "Mimi nimemshika yeye. Mfuko wenu hata sijaugusa."

Akafikiri, na sikupenda alivyofikiri kwa muda mrefu. Halafu akasema kwenye Torati yenyewe kuna siku ya vita ambapo Musa alichoka kuinua mikono, na watu wawili wakasimama naye wakamshikilia mpaka jua likazama. Akasema hakumbuki mahali popote ambapo sheria inauliza nani anashika viwiko vya mtu. "Jumamosi," akasema, "mje hivyo hivyo. Mchele uacheni nyumbani." Hadithi hiyo nimeifundisha Sunday school na picha za kukata na gundi, na sikutegemea itakuja kunitetea Texas.

Ijumaa kamati yangu ikapika. Akina mama wa Irving na Arlington, Watanzania na Wakenya, nimewasimamia kama mkaguzi. Siagi marufuku, mtindi marufuku, na yule muuguzi wetu wa Kenya asiyeweza kuishi bila chai ya maziwa nikamwambia kesho ni ya rangi au maji. Akalalamika, akakubali.

Jumamosi sinagogi lilijaa. Mbele ya watu, kabati likafunguliwa, rabi akatoa gombo lenye joho la bluu na kengele ndogo juu, akalileta mikononi mwa Bibi wa Houston. Mimi niko nyuma, nimekwisha kamata viwiko.

Loo! Lilitulemea upande mmoja. Mchele ni mchele, unajipanga sawasawa, lakini gombo ni ngozi ndefu iliyoviringishwa kwenye miti miwili, na wao ndio kwanza walikuwa wameanza kulisoma upya mwaka huo, kwa hiyo ngozi karibu yote iko kwenye mti wa kushoto. Hilo hakuna aliyetuambia. Kiwiko chake cha kushoto kikazama, kengele zikalia, na nikasikia watu wote wakivuta pumzi kwa pamoja. Mkwe wangu alikuwa hatua chache tu mbele, akaruka kuja kulipokea, mikono imenyooka, uso mweupe.

"Subiri," mama yake akamwambia.

Akasubiri. Nikateremsha bega langu la kushoto, nikaingiza nyonga chini ya kiwiko kile kama unavyoshikilia mtoto aliyelala, nikambana mwenzangu kifuani kwangu. Alikuwa analowa jasho, na mimi pia. Mtetemo ulikuja wote, mkubwa kuliko wa siku yoyote ya mazoezi, nikaupokea, nikaushika, nikasema moyoni, pita hapa mwanangu, hapa ndipo unapoishia. Ukaishia. Kengele zikanyamaza.

Akaanza yeye mwenyewe kuhesabu, kwa sauti watu waisikie. "Moja. Mbili. Tatu. Pumua." Tukatembea. Tukafika kwa mwanawe, akalitoa kifuani kwake akaliweka kifuani kwa mwanawe, taratibu, bila haraka yoyote, na akamshika shavu. Mkwe wangu akampa binti yangu. Binti yangu, mtoto wangu niliyembeba mwenyewe njia za migombani, akampa binti yake. Na kamati yangu, niliyoionya ikae kimya mpaka mwisho wa ibada, ikapiga vigelegele mpaka taa zikatikisika. Rabi akapiga makofi. Mimi na mwenzangu tukabaki pale mbele mikono mitupu, tumeshikana, tunacheka kama vichaa.

Halafu tukaenda kukaa kwenye viti vyetu vya mbele. Nikiri, ile mito ilikuwa mizuri.

Kwao mtoto akishapokea gombo hulizungusha sinagogini kote, watu hulisogelea wakaligusa kwa kitabu cha sala na kukibusu kitabu. Mjukuu wangu akapita safu baada ya safu, shela ya sala inamteleza begani, gombo limemjaa kifua. Amelibeba kwa viwiko, nikaona. Alipofika kwetu akasimama. Mimi nimeweka mikono yangu mapajani, sitaki kuvuruga sheria ya mtu dakika ya mwisho.

Akainama kidogo, na lile gombo lote.

"Shikamoo, Bibi," akasema.

Mbele ya marafiki zake wa shule. Mbele ya Houston yote na Plano yote. Nikatafuta leso kwenye mkoba nifute macho kwanza.

"Marahaba!" akajibu Bibi wa Houston kwa sauti yake yote ya Texas, na sinagogi zima likaangua kicheko.

Lakini mtoto hakuondoka. Watu wa safu za nyuma wanasubiri, rabi anasubiri, mikono yake myembamba imeanza kulemewa, na bado amesimama ananitazama mimi. Nilimfundisha mwenyewe: ukishaamkia, huondoki mpaka umejibiwa na uliyemwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema.

Ndipo akanyanyua gombo lake vizuri, akaenda kusoma.